Mtunza stoo anarudi kazini akiwa kwenye kiti mwendo: mwajiri anatakiwa kufanya nini?

Swali: Ninaendesha hoteli ya vyumba 28 na mgahawa hapa Morogoro, tuna wafanyakazi 46. Mtunza stoo wetu, ambaye tuko naye mwaka wa sita sasa, alipata ajali ya bodaboda siku yake ya mapumziko. Uti wa mgongo uliumia na anatumia kiti mwendo. Daktari amesema anaweza kurudi kazini, na mwenyewe anataka. Lakini mlango wa stoo una ngazi tatu na kazi ina magunia. Mbia wangu anashauri tumlipe stahiki zake tuachane kwa amani. Tena wiki iliyopita mgeni mwenye kiti mwendo alishindwa kuingia choo cha mgahawa, akaondoka amekasirika. Sheria inanitaka nifanye nini? Nitalazimika kuweka lifti?

Jibu: Ndugu msomaji, kwanza msiandike barua yoyote ya kuachana naye. Hata ile ya "makubaliano ya hiari" iacheni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 37, inasema wazi kwamba ulemavu wa mfanyakazi si sababu halali ya kumwachisha kazi. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na ule usio wa moja kwa moja, na ulemavu umetajwa humo kwa jina. (Namba hizi ni za sheria kama ilivyotungwa mwaka 2004, ukifungua toleo lililorekebishwa, tafuta kwa kichwa cha kifungu.) Makubaliano ya hiari nayo hayana nguvu unayoidhania. Mtu aliyetoka hospitali miezi michache iliyopita, anadaiwa kodi ya nyumba, akiwekewa karatasi mezani na kuambiwa "saini hapa ulipwe", baadaye anaweza kusema hakuwa na hiari, na mazingira yenyewe yatamsaidia kuthibitisha.

Kosa ninaloliona kwenye swali lako, nalo ni la waajiri wengi, ni kuanzia kwenye miguu yake. Anzia kwenye kazi yake. Ukianza na "hawezi kutembea", utaishia kwenye barua. Ukianza na "mtunza stoo anafanya nini kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni", utagundua kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa macho, akili na mikono.

Chukua karatasi uiorodheshe kazi pamoja naye, si bila yeye. Anapokea mzigo kutoka kwa wasambazaji na kuulinganisha na hati ya agizo. Anapima, anaandika kwenye kadi za stoo, anatoa vitu kwa jikoni na kwa wahudumu wa vyumba kwa fomu iliyosainiwa. Anahesabu stoo kila mwisho wa mwezi, anatoa taarifa ya vilivyopungua, anaangalia tarehe za kuisha muda. Na anabeba magunia. Sasa jiulize kwa ukweli: lori la mchele likifika, anayeshusha ni yeye au vijana wa kushusha mzigo? Kwenye hoteli nyingi ni vijana, na mtunza stoo anasimama na kalamu. Ukikuta hivyo, kubeba gunia la kilo 50 si sharti la msingi la kazi yake, hata kama limeandikwa kwenye maelezo ya kazi.

Hapo ndipo sheria inapokata. Mwajiri anaruhusiwa kutofautisha watu kwa sharti la msingi la kazi yenyewe, lakini si kwa mazoea wala kwa maelezo ya kazi yaliyonakiliwa kutoka hoteli nyingine. Mfanyakazi akishaonyesha dalili za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukuwepo unakuhamia wewe. Ukifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na maelezo ya kazi yanayosema "kubeba", huku mashahidi wawili wakieleza kwamba hakuwahi kubeba, karatasi hiyo itakuumiza.

Juu ya sheria ya kazi ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar wana sheria yao). Na juu ya zote upo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 2 ya mkataba inaeleza jambo ambalo ndilo kiini cha swali lako: mwajiri afanye marekebisho yanayohitajika na yanayofaa, ilimradi yasimletee mzigo uliopitiliza, na kukataa kuyafanya ni ubaguzi. Ibara ya 27 inataja kuendelea na kazi na kurudi kazini, kwa hiyo haimhusu tu anayeomba kazi mara ya kwanza.

Kuhusu likizo ya ugonjwa kuna kosa linalojirudia sana. Mfanyakazi ana siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari. Waajiri wengi wanaamini siku ya 127 ajira inakufa yenyewe. Haifi. Kinachokwisha ni wajibu wa kulipa likizo hiyo. Kuachisha kazi bado kunahitaji sababu halali na utaratibu halali.

Basi hatua ni zipi? Andika barua ya kumwalika kikao, mpe nafasi ya kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Omba ridhaa yake ya maandishi ili umwandikie daktari. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo usimpigie daktari simu kwa mlango wa nyuma, na majibu yakija yasizunguke kwenye kundi la WhatsApp la mameneja. Barua kwa daktari isiulize "ana ugonjwa gani". Iulize hivi: "Kazi inahusu kukaa saa nane kwa siku, kuandika, kutumia kompyuta, na kuzunguka kati ya rafu. Je, kuna kati ya haya asichoweza? Anahitaji mapumziko ya urefu gani na baada ya muda gani? Kuna joto, uzito au mkao wa kuepuka? Mabadiliko yanatarajiwa ndani ya miezi sita?" Daktari akipewa swali la kazi atajibu kuhusu kazi. Akiulizwa tu "anafaa au hafai", ataandika neno moja ambalo halitakusaidia wewe wala yeye.

Sasa tuingie stoo na tepu ya kupimia.

Ngazi tatu za sentimita 17 kila moja ni kimo cha sentimita 51. Mteremko unaokubalika ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu, kwa hiyo unahitaji mita 6 na sentimita 12. Ukiwa na nafasi, nenda 1 kwa 15, kwa sababu atakuwa anajisukuma mwenyewe mara nyingi kwa siku. Fundi atakwambia "hapa mita mbili zinatosha bosi". Mita mbili kwa kimo hicho ni zaidi ya 1 kwa 4: akipanda, kiti kitaangukia nyuma; akishuka, kitamkimbiza. Rampu ya namna hiyo ni ya hatari kuliko ngazi, kwa kuwa mtu anaijaribu. Nafasi ikikosekana, ikunje iwe na jukwaa la sentimita 150 kwa 150 katikati, na jukwaa kama hilo liwepo juu mbele ya mlango, la sivyo atakuwa anafungua mlango huku kiti kinateleza kurudi. Upana usipungue sentimita 120. Weka vyuma vya kushikia pande zote kwa kimo cha sentimita 90, na ukingo wa sentimita 10 pembeni ili gurudumu lisitoke. Sakafu iwe ya saruji iliyochanwa kwa ufagio. Usiweke vigae vinavyong'aa. Mvua ya masika ikinyesha utaelewa sababu. Faida nyingine ni kwamba vijana wa mzigo wataacha kubeba magunia ngazini na kuanza kutumia toroli.

Mlango uwe na uwazi halisi wa sentimita 85 hadi 90, ukipimwa kutoka kwenye fremu hadi kwenye ubao wa mlango ulio wazi, si upana wa mlango wenyewe. Njia kati ya rafu iwe sentimita 90, na mwisho wa njia pawe na nafasi ya kugeuka ya sentimita 150. Vitu vinavyotoka kila siku (sukari, sabuni, shuka, mafuta) vikae kati ya sentimita 40 na 120 kutoka sakafuni. Vya juu zaidi viwe vile vinavyoguswa mara chache, na ashuke navyo msaidizi. Mezani awe na uwazi wa magoti wa sentimita 70 chini. Mizani iwe ya jukwaa la chini yenye kioo kinachosomeka akiwa amekaa.

Lakini ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu mwezi huu, anza na choo. Hili ndilo linaloharibu mipango mingi ya kurudi kazini na halisemwi kwa sababu ya aibu. Mtu aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi hutoa mkojo kwa mrija kila baada ya saa nne hadi sita, na mikono lazima iwe safi, kwa sababu maambukizi ya njia ya mkojo ni hatari kwake. Asipokuwa na choo anachoweza kuingia na kufunga, ataacha kunywa maji tangu asubuhi, ataumwa, atakosa kazi siku nyingi, na mwisho utasema "tulijaribu, hakuweza". Choo hicho kinahitaji mlango unaofunguka kwa nje au wa kutelezesha, nafasi ya kugeuka ya sentimita 150, choo cha kukaa chenye kimo cha sentimita 45 hadi 48, sentimita 90 upande mmoja za kuegesha kiti, vyuma vya kushikia vilivyofungwa kwenye ukuta wa tofali na si kwenye jipsam, sinki ambalo kiti kinaingia chini yake, kirafu kidogo cha kuweka vifaa, na chombo cha taka chenye mfuniko. Na kisigeuzwe stoo ya mafagio na ndoo. Kila anayekwenda kukagua huwakuta wamefanya hivyo.

Choo hicho kikijengwa mahali pazuri, ndicho pia jibu la mgeni wako wa wiki iliyopita. Choo kimoja kati ya stoo na mgahawa, kinachofikiwa kutoka pande zote mbili bila kupita jikoni, kinahudumia wote.

Mambo mengine yasiyoonekana kwenye ramani ya fundi: huenda ngozi yake chini ya pale alipoumia haihisi vizuri, kwa hiyo lazima ajiinue au abadilishe mkao kila dakika 15 hadi 30 ili asipate vidonda vya kukaa. Mwambieni msimamizi wake mapema, asidhani ni uvivu. Jeraha likiwa juu mgongoni, mwili unaweza kushindwa kutoa jasho vizuri, na stoo isiyo na dirisha kwa joto la Januari itamwangusha, kwa hiyo feni si anasa. Saa za kuingia nazo zitazameni. Daladala la saa kumi na mbili asubuhi halimpokei mtu mwenye kiti mwendo. Akiingia saa tatu na kutoka saa kumi na mbili jioni, huenda akapata bajaji au lifti ya mwenzake. Marekebisho ya ratiba hayana gharama na mara nyingi ndiyo yanayookoa ajira. Na wekeni utaratibu wa moto: nani atahakikisha ametoka, kwa mlango upi.

Mshahara usiguswe. Kumpunguzia ngazi ya mshahara kwa sababu kubeba kumeondolewa kwenye majukumu yake ni kubadilisha masharti ya ajira, na kwa mazingira haya kutasomeka kama adhabu ya ulemavu. Anzeni kwa wiki nne za majaribio ya mpangilio (si majaribio ya mfanyakazi), kaeni tena, andikeni kilichofaulu na kilichokwama, rekebisheni.

Je, ikishindikana? Inawezekana. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinatoa njia ya kumwachisha mtu kwa kutomudu kazi kutokana na afya au kuumia. Lakini kwanza lazima uwe umeangalia kiwango cha kutomudu, kama ni cha muda au cha kudumu, kama kazi inaweza kurekebishwa, na kama ipo kazi nyingine anayoweza kupewa: mapokezi, manunuzi, kuingiza hesabu. Lazima uwe umemsikiliza. "Gharama" ni hoja, ila ilete na hati za bei na hesabu za hoteli, si neno tu. Hoteli ya vyumba 28 iliyopaka rangi mpya mwaka huo huo itapata shida kueleza kwamba rampu ya saruji ni mzigo uliopitiliza. Ukimwachisha isivyo halali, ana siku 30 za kupeleka mgogoro kwenye Tume. Migogoro mingine, kwa mfano kunyimwa marekebisho akiwa bado kazini, ana siku 60. Tume inaweza kuamuru arudishwe kazini na kulipwa mishahara ya muda wote aliokuwa nje, au alipwe fidia inayohesabiwa kwa miezi ya mshahara.

Kwa kuwa ajali haikutokana na kazi, usitegemee Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mafao ya ulemavu ya NSSF yana masharti yake na ni kwa asiyeweza tena kufanya kazi. Usimsukume huko ili kujinusuru.

Kuna jambo hukuuliza ila linakuhusu. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wake wawe watu wenye ulemavu. Kwako asilimia 3 ya 46 ni 1.38. Mtu mmoja kati ya 46 ni asilimia 2.17, hajafika, kwa hiyo unahitaji wawili. Kwa hesabu hiyo mmoja anatosha hadi wafanyakazi 33, na kuanzia 34 ni wawili. Mtunza stoo wako ni wa kwanza, na ungemwachisha ungerudi kwenye sifuri. Kumpata wa pili, ondoa kwenye matangazo ya kazi maneno kama "awe na viungo kamili" au "awe na leseni ya udereva" kwa kazi isiyo na gari. Ulinzi dhidi ya ubaguzi unamgusa hata mwombaji kazi. Ongeza mstari mmoja: "Ukihitaji mpangilio maalumu kwa ajili ya usaili, tujulishe." Kwenye usaili, waulize wote swali lile lile: kazi ina mambo haya, utayafanyaje na utahitaji nini? Tangazo lifike kwa SHIVYAWATA (shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu), kwa Chama cha Viziwi (CHAVITA) na kwa ofisi ya serikali ya huduma za ajira. Ukimwita kiziwi kwenye usaili, mkalimani wa lugha ya alama ni gharama yako, si yake, na ndugu yake asifanywe mkalimani. Asiyeona anaweza kufanya kazi ya simu na kompyuta kwa NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti.

Na lifti? Usianze nayo. Lengo la kwanza ni mgeni apate huduma, kabla ya kuwaza afike kila ghorofa. Tenga chumba kimoja au viwili chini, karibu na mapokezi, bila ngazi wala kizingiti. Godoro liwe juu kwa sentimita 45 hadi 50, sawa na kiti chake, pawe na sentimita 90 wazi upande mmoja wa kitanda, swichi na soketi afikie akiwa amelala, bafu lisiwe na ukuta mdogo wa kuzuia maji bali mteremko kidogo kuelekea kwenye tundu, pamoja na kiti imara cha kuogea. Sehemu moja ya kaunta ya mapokezi ishushwe hadi sentimita 75 au 80. Kwenye simu na mtandaoni andika vipimo halisi vya mlango na bafu badala ya "tuna mazingira rafiki", kwa sababu mgeni anajua upana wa kiti chake na ataamua mwenyewe. Chumba hicho kiuzwe kwa bei ile ile ya vingine vya daraja lake, na mapokezi wasikitoe kwa mgeni yeyote tu wakati vingine bado viko wazi.